Mursik, managu na vidonge vya probayotiki: tumbo linarudije baada ya dawa?

SWALI: "Daktari, hujambo. Ninaishi Njoro, lakini kwetu ni Kakamega. Mwezi uliopita nilipatikana na H. pylori nikameza dawa kwa siku 14. Kiungulia kilipungua, ila tangu nimalize dawa tumbo linanguruma, linajaa gesi, na choo kimekuwa laini kila siku. Kwenye duka la dawa nimeambiwa ninunue vidonge vya probayotiki, shilingi 2,400 za mwezi mmoja. Jirani ananiuzia unga wa mitishamba wa kusafisha tumbo. Anasema umejaa antioksidanti na utaua vidudu vilivyobaki. Mama mkwe, ambaye ni Mkipsigis, anasema niache hayo yote ninywe mursik. Nimsikilize nani? Na mtoto wangu wa miezi tisa, naweza kumwonjesha hiyo mursik?"

JIBU: Pole kwa tumbo, dada. Nitoe jibu lenyewe kwanza ndipo nieleze. Mama mkwe yuko karibu na ukweli kuliko hao wengine wawili, ingawa mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachishwa kibuyuni, ina masharti yake. Vidonge vya probayotiki, yaani vya vijidudu hai vya kusaidia tumbo, si utapeli. Vina kazi, lakini wakati wake kwako umeshapita. Unga wa jirani usiuguse, hata akikupa bure.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kisumu, si daktari wa matumbo, kwa hivyo kabla ya chakula nitakurudisha kliniki. Hukusema kama ulipimwa tena. H. pylori, bakteria wanaokaa kwenye ukuta wa tumbo na kuleta vidonda, ni sugu. Hutibiwa kwa viuavijasumu (antibiotiki) viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na bado si kila mtu hupona kwa dozi ya kwanza. Kipimo cha kuthibitisha hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza viuavijasumu, ukiwa pia umekaa wiki mbili bila hiyo dawa ya asidi, yaani omeprazole au za jamii yake, na ni kipimo cha choo au cha pumzi. Cha damu hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kingamwili, zile askari ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vidudu, hubaki mwilini muda mrefu hata vidudu vikiwa vimekwisha. Nimewahi kuwapokea watu waliorudia dozi mara mbili, mara tatu, kwa sababu ya karatasi ya kipimo cha damu tu. Kila dozi iliwaachia tumbo bovu kuliko lile walilokuja nalo.

Natilia mkazo hapa kwa sababu ya maneno ya jirani yako kwamba unga "utaua vidudu vilivyobaki". Zamani vidonda vya tumbo vililaumiwa pilipili na mawazo mengi. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa kimiminika kilichojaa bakteria hao ili athibitishe kwamba ndio wanaoudhuru ukuta wa tumbo, akaugua baada ya siku chache tu. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu wakati huo tunajua kwamba hii ni maambukizi, na maambukizi haya huisha kwa viuavijasumu. Mtindi hauyamalizi, mursik haiyamalizi, na unga wa majani usio na jina hauyamalizi. Kama bado wamo, utaambiwa na kipimo na utabadilishiwa dawa.

Sasa tuje kwenye tumbo lenyewe. Katika utumbo mpana wako wanaishi bakteria matrilioni kwa matrilioni, wa mamia ya aina. Viuavijasumu ulivyomeza havikuchagua. Wewe uko Njoro, umeona mvua ya mawe ikishukia shamba: haiulizi ngano ni ipi na magugu ni yapi. Ikishapita, vinavyochipuka kwanza ni vile vyenye mbio, si lazima viwe vile ulivyopanda. Ndiyo maana una gesi na choo laini. Kwa watu wengi hali hii hutulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na wengine huchukua miezi. Swali ni jinsi ya kuwasaidia wale wa zamani warudi, na hapo ndipo mimea na maziwa yaliyochacha vinapokutana.

Mimea haikuumba kemikali zake kwa ajili yetu. Uchungu wa mboga ya saga unatokana na glukosinoleti, silaha yake dhidi ya wadudu. Ukakasi unaokausha ulimi kwenye chai ya rangi au kwenye wimbi mwekundu ni tanini. Karotini ile inayong'aa kwenye karoti imejaa pia ndani ya kunde na terere, ila imefunikwa na ukijani wa majani. Kule Kericho, taasisi ya utafiti wa chai ilitoa mwaka 2011 aina ya TRFK 306, ambayo majani yake ni ya zambarau kwa sababu ya anthosianini, rangi ileile ya zabibu nyeusi. Tanini na anthosianini ni za ukoo mmoja mkubwa unaoitwa polifenoli, na huo ndio wauzaji wanaouzungumzia wakisema "antioksidanti", yaani vitu vya kulinda seli zisiharibike.

Jambo wasilokuambia ni kwamba sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba. Inapita ikiwa nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria ndio wanaoivunja kuwa vipande vidogo ambavyo mwili unaweza kuvipokea. Chukua komamanga. Tanini zake hugeuzwa na bakteria kuwa urolithini, na urolithini ndiyo inayoingia kwenye damu. Lakini kuna watu wasio na bakteria wa kazi hiyo. Wakila komamanga lilelile, urolithini haitengenezwi. Kwa hiyo hesabu ya antioksidanti iliyoandikwa kwenye pakiti inakueleza kilichomo kwenye pakiti. Kitakachofika kwenye damu yako kinategemea wenyeji wa utumbo wako, na wako sasa hivi wamepigwa mawe.

Tena wingi si dawa. Ninapoulizwa kuhusu poda na vidonge vya mimea huwa nasimulia kisa cha Finland. Watafiti walikuwa wameona kwamba watu wanaokula sana mboga na matunda yenye karotini hupata saratani ya mapafu mara chache zaidi. Wakafikiri, tuiweke karotini yenyewe kwenye kidonge. Wakawachukua wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka kati ya mitano na minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Kitu kilekile ambacho ndani ya bakuli la kunde hakijamdhuru mtu, kilipochujwa, kikakolezwa na kumezwa peke yake, kiliwadhuru watu ambao kilikusudiwa kuwalinda. Kikombe cha chai ya kijani nacho ni salama, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vya chai hiyo iliyokolezwa, kuanzia miligramu 800 kwa siku za kemikali yake iitwayo EGCG, vinaweza kuumiza ini.

Huo unga wa jirani hauna hata hesabu hiyo. Hujui ni mmea gani wala kiasi gani. Poda nyingi za "kusafisha tumbo" hufanya kazi kwa sanamaki au shubiri, ambazo ni dawa za kuharisha. Mtu aliyefunga choo anaweza kuona nafuu ya siku mbili. Wewe choo chako tayari ni laini. Utakuwa unamwaga maji na chumvi za mwili.

Jambo moja lilinifurahisha nilipolijua: mti wa senetwet, ambao makaa yake hupakwa ndani ya kibuyu cha mursik, ni ndugu wa karibu wa sanamaki. Wazee wa Kikalenjin wanaujua kwa pande zote mbili. Mizizi na majani yake hutumiwa kama dawa kali ya kuharisha, na wala hayawekwi kwenye maziwa. Kinachoingia kwenye maziwa ni makaa ya kijiti kilichochomwa. Mmea mmoja, na tofauti yote iko katika sehemu inayochukuliwa, jinsi inavyotayarishwa na kiasi chake.

Mursik basi. Inapotengenezwa kama inavyopasa, maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa kwenye sotet, yaani kibuyu chenyewe, iliyosuguliwa kwa sosiot, kijiti cha kusafishia, na kupakwa makaa, kisha yakafunikwa na kuachwa. Bakteria wa asidi ya laktiki waliobaki kwenye kuta za kibuyu hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa na kuzuia bakteria wengi waharibifu. Na kwa kuwa sehemu ya sukari imeshaliwa, mtu ambaye maziwa ya kawaida yanamjaza gesi huweza kuyanywa haya bila shida. Wewe uko katika hali hiyo kwa sasa, kwani tumbo lililotoka kuugua mara nyingi hushindwa na sukari ya maziwa kwa muda.

Je, ni probayotiki? Kwa maana iliyowekwa na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001, probayotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea anayevipokea faida ya kiafya. Bakteria wa mursik hutofautiana kibuyu kwa kibuyu, kwa hiyo huwezi kudai faida maalumu kwa kila kibuyu. Mimi huiita chakula kilichochacha chenye bakteria hai, na hilo si jina dogo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ambamo watu wazima 36 waligawanywa makundi mawili: wengine wakala vyakula vilivyochacha kwa wingi kwa wiki kumi, wengine wakaongeza vyakula vyenye nyuzi. Waliokula vilivyochacha waliongeza aina za bakteria tumboni, na dalili za uvimbe kwenye damu zikapungua. Utafiti wenyewe ni mdogo, lakini ulifanywa kwa vyakula vya kawaida kama mtindi, si kwa vidonge.

Masharti ya mursik ni mawili. La kwanza, maziwa yachemshwe. Kuna familia zinazotumia mabichi kwa imani kwamba uchachu utaua kila kitu. Bakteria wa brusela wanaweza kustahimili, na homa yake huweza kumtesa mtu miezi. La pili ni zito zaidi. Sehemu zetu za magharibi mwa Kenya zina saratani nyingi ya umio, njia ya chakula kutoka kooni, na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliokuta pombe na asetaldehidi ndani ya mursik. Asetaldehidi ni kemikali inayojulikana kudhuru seli. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba mursik ndiyo chanzo cha saratani hiyo. Ila ulinitosha kubadili ushauri ninaoutoa: kunywa ya siku chache, glasi moja, na ile iliyokaa wiki nyingi hadi ikanukia pombe iache. Sisemi hivi kuidharau. Nawaheshimu sana kina mama waliolinda ujuzi huo.

Ukikosa mursik ya kuaminika, tengeneza mala, yaani maziwa lala, jikoni kwako. Chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, koroga vijiko vitatu vya mala au mtindi usio na sukari ulionunuliwa ukiwa na bakteria hai, funika, weka mahali penye joto hadi kesho yake. Kwa baridi ya Njoro funga sufuria kwa blanketi. Huku kwetu Kisumu hatuhitaji. Yakiganda na kunukia uchachu mzuri, yako tayari. Yakiwa na utelezi au rangi ya ajabu, mwaga. Ya dukani, soma pakiti: kama yalipashwa moto tena baada ya kuchacha ili yakae muda mrefu, bakteria wamekufa.

Hapo hapo nigusie uji, kwa sababu najua huko kwenu ulilelewa nao. Nyanya yangu, Vihiga, alikuwa akiloweka unga wa wimbi kwenye nyungu siku mbili tatu, akichota akaacha kidogo cha kuchachisha ule unaofuata. Watu huniambia uji huo ni probayotiki. La, kwa sababu ukishauchemsha bakteria wote wamekufa. Lakini kazi waliyoifanya kabla ya kufa inabaki. Wimbi una kalsiamu kuliko nafaka nyingine tunazokula, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na una pia faiteti, ambayo hushika chuma, zinki na hiyo kalsiamu na kuzizuia zisifyonzwe. Uchachu huivunja faiteti na kuyaachilia madini. Nyanya hakujua neno faiteti, lakini alijua uji uliolala ni bora kuliko uliokorogwa asubuhi ileile. Rudi kwenye uji huo, dada, na usiujaze sukari.

Kuhusu vidonge vya shilingi 2,400. Probayotiki iliyochunguzwa kuliko nyingi ni ile iitwayo LGG, ambayo Sherwood Gorbach na Barry Goldin waliitenga mwaka 1983 kutoka kwenye utumbo wa mtu mwenye afya; herufi mbili za mwisho ni za majina yao. Ushahidi mzuri upo kwamba hiyo, na hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, hupunguza kuhara kunakoletwa na viuavijasumu, hasa kwa watoto. Lakini huanza kumezwa pamoja na dawa, si mwezi mmoja baadaye. Tena mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwapa watu wazima probayotiki za aina nyingi baada ya viuavijasumu, wakakuta bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wale walioachwa bila kitu. Wageni walikuwa wamekalia nyumba. Ndiyo sababu nasema wakati wako umepita. Siku nyingine ukiandikiwa viuavijasumu, uliza mapema, na utazame pakiti: jina la bakteria likamilike hadi herufi na namba za mwisho, idadi iandikwe kwa bilioni, tarehe isiwe imepita, na duka liwe limezihifadhi mahali palipoelekezwa. Mgonjwa aliyelazwa mahututi, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mtu ambaye kinga yake imeshuka sana asipewe bila daktari.

Hizo pesa peleka kwa mama mboga. Bakteria unaotaka warudi wanaishi kwa nyuzi za mimea, zile tusizoweza kusaga wenyewe, na wakizila hutoa asidi ya butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za utumbo mpana. Mwaka 2015 ulitoka utafiti ambamo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa kwa wiki mbili chakula cha Waafrika Kusini wa mashambani chenye nyuzi nyingi, na Waafrika Kusini 20 wakapewa chakula cha Kimarekani. Wiki mbili tu, na butireti iliongezeka kwa Wamarekani ikashuka kwa Waafrika. Chakula chetu cha zamani kina nguvu hiyo, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga zetu wakati wengi walikuwa wakiziita chakula cha maskini.

Wewe wa Kakamega sina haja ya kukufundisha mboga zetu za kienyeji: mrenda, mitoo, saga, managu na likhubi. Nakuomba tu mambo machache ya upishi. Usichemshe majani saa nzima ukamwaga supu, kwani vitamini C inaenda na maji. Weka mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Munyu wa jivu tumia kidogo, maana magadi yake huharibu vitamini. Matunda mabichi ya managu usiyale, yana sumu. Chai kali iwe mbali na chakula kwa saa moja hivi, kwa sababu tanini hushika chuma cha mboga. Na kama nyumbani kuna mzee anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiziache mboga za majani wala asizipandishe ghafla. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwani vitamini K iliyomo inapingana na dawa hiyo.

Anza polepole. Wiki ya kwanza nusu glasi ya mala jioni na bakuli dogo la mboga. Maharagwe na ndengu uviongeze vijiko viwili vitatu kwa siku, la sivyo gesi itakuzidi na utasema nilikudanganya.

Mtoto wa miezi tisa usimpe mursik. Mabaki ya pombe hayamfai. Aendelee kunyonya, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu hadi atimize mwaka. Vijiko vichache vya mala uliyotengeneza kwa maziwa yaliyochemshwa, pamoja na chakula chake, vinaruhusiwa, na mrenda uliopondwa na uji wa wimbi uliochacha ukapikwa vizuri vitamfaa sana. Akihara, mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Akikataa kunyonya, akilegea, macho yakiingia ndani au ukiona damu kwenye choo, mkimbize kituo cha afya.

Na wewe, ukianza kuhara majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo likisokota na homa ikipanda, usinunue dawa ya kufunga choo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukawaambie ulitoka kumeza viuavijasumu, kwa sababu kuna bakteria hatari anayeota hasa baada ya dawa hizo. Choo cheusi kama lami, damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni, vilevile usingoje. Usipoona lolote kati ya hayo, hesabu wiki nne kutoka siku ya kidonge chako cha mwisho, upeleke choo kikapimwe.